Hadithi ya Bibi Niliyoiita Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, maana uso wangu sina tena pa kuuweka.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, mwaka wa kumi na mbili sasa, na muhula huu tulitakiwa kuwafundisha watoto ngano na visa vya wanyama, nami nikawaambia kila mmoja amwombe mkubwa wa nyumbani amsimulie hadithi, aje nayo darasani. Wengi walileta zile zile za kitabuni, ila msichana mmoja, tunayemwita Sisimizi kwa udogo wake, akasimulia ya chura aliyeazima sauti ya radi awaite wanawe siku moja tu, akanogewa, akakataa kuirudisha, na ilikuwa na wimbo wake, darasa zima likaitikia, hata mimi mwili ulinisisimka.

Wiki iliyofuata wakaja wakaguzi darasani kwangu, na sijui niliingiwa na shetani gani, nikaisimulia mbele yao, na mmoja aliponiuliza nimeitoa wapi nikasema nimeitunga mwenyewe. Sisimizi akanyoosha kidole. "Mwalimu, hiyo ni ya bibi yangu." Ningeweza kucheka nikasema ni kweli, yakaisha, lakini nilimkazia macho nikamwambia, "Kaa chini, uongo tumekwisha kukatazana hapa," wenzake wakamzomea "mwongo, mwongo," akakaa. Tangu siku hiyo hasemi kitu darasani, nikimwita anajibu huku anatazama dawati, na mwalimu mkuu anataka kuichapa hadithi ile kwenye kijitabu cha shule kwa jina langu.

Juzi bibi yake, ambaye ni fundi cherehani, alikuja shuleni na futi yake shingoni, nikajua leo naumbuka, kumbe aliniuliza tu, "Mwalimu, mjukuu wangu alikosea wapi? Hataki tena nimsimulie, anasema hadithi zangu ni za uongo." Nikamjibu, "Hajakosea, mama, ni utoto tu." Akanishukuru. Alinishukuru, mshauri! Nikikiri, kibarua changu huenda kikaota nyasi, nikinyamaza chakula hakipiti. Nifanye nini?

Mwalimu Mwenye Haya

*

Mwalimu,

Pole, ingawa pole yangu ni fupi. Na huyo shetani mwache apumzike, hakuwepo. Ulikuwepo wewe na hamu ya kusifiwa.

Kuisimulia hadithi ile hakukuwa kosa, ngano ni za kupokezana. Ungesema, "Nimeipata kwa bibi ya mwanafunzi wangu," wakaguzi wangekusifu maradufu, maana somo lenyewe ndilo hilo! Ulichoharibu ni kingine. Umemfanya mtoto wa miaka minane ayatilie shaka masikio yake, na bibi umemwondolea msikilizaji. Kisha alipokufuata kwa heshima zake, ukamdanganya na yeye. Hapo, ndugu yangu, ulinikera kweli.

Aibu unayoisikia inakufaa, ila usikae nayo tu kama mgonjwa anayehesabu vidonge bila kuvimeza. Kesho asubuhi, kabla ya kuita majina, simama mbele ya darasa useme, "Sisimizi alisema kweli. Mwongo nilikuwa mimi." Usilete mambo ya "tulipishana kauli". Usimsimamishe mtoto, wala usimwombe akusamehe mbele ya watu, utamtwisha mzigo mwingine. Ukitoka hapo, ofisini kwa mwalimu mkuu, jina lako lifutwe, na wakaguzi waandikiwe. Ukipewa onyo, lipokee. Jioni nenda kwa yule mama penye cherehani yake, kwa miguu yako, si kwa simu, wala usibebe sukari ya kufunikia maneno. Mweleze yote, hasa lile la juzi. Hadithi ichapwe au isichapwe, mwenye kauli ni yeye.

Anaweza kukufukuza. Ondoka kwa adabu, urudi siku nyingine.

Na Sisimizi akikaa kimya wiki, mwezi, hata muhula mzima, usimharakishe. Wewe ulimnyamazisha kwa sentensi moja. Siku ya kusema tena ataichagua mwenyewe, na kazi yako ni kuhakikisha siku hiyo anamkuta mwalimu anayesikiliza.