Taa ya Njano ya Mama Hansa

Jumatatu, 9 Machi 1998

Taa imewaka tena. Mama Hansa kaingia saa tatu, kaegesha mbele ya gereji yangu, kainyooshea kidole ile taa ya njano ya injini kama anayeshtaki mtoto. Mara ya nne tangu Januari. Nikachukua kipande changu cha waya, nikaunganisha matundu mawili kwenye kiboksi cha pembeni mwa injini, taa ikaanza kutaja kosa kwa kuwaka na kuzima. Mbili, kituo, moja. Sensa ya bomba la moshi. Ile ile niliyokwisha kubadilisha mara mbili. Mama Hansa alihesabu nami kwa sauti. Anaijua sasa kuliko mimi.

Gari la Kijapani, limetumika kwao, likashushwa bandarini mwaka jana pamoja na mengine kibao. Mimi nilikulia kwenye kabureta. Ikigoma unaifungua, unaipuliza, mnaelewana.

Jumanne, 10 Machi

Nimefuata nyaya zote kutoka kwenye sensa hadi kwenye kompyuta ya gari. Nzima. Plagi nyeusi tii kwa masizi. Injini inakunywa mafuta kama imerogwa. Kwa nini, sijui. Nina hasira na mgongo unauma.

Jumatano, 11 Machi

Mkwe wa Mama Hansa kapata mnunuzi wa gari. Anakuja Jumamosi. Anasema gari lenye taa si la mama wa miaka sitini na mbili kuendesha peke yake. Mama Hansa kaniambia huku akiangalia pembeni.

Mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha, mwaka aliofiwa na mumewe. Jumapili asubuhi, hapa hapa mtaa wa Gerezani, sari na raba za mwanawe. Klachi ilimliza. Jumapili iliyofuata akarudi. Tangu hapo hajaomba lifti kwa mtu. Wakiliuza, atakuwa mtu wa kukaa akisubiri kupelekwa. Sitaki. Nampenda kama dada yangu. Basi, nimeandika, hakuna anayesoma.

Alhamisi, 12 Machi

Sensa ya tatu. Nimezunguka Kariakoo yote kuitafuta. Asubuhi taa ilizimika, nikajiona bingwa. Saa kumi akapiga simu duka la jirani. Imewaka.

Ijumaa, 13 Machi

Baada ya swala nililijaribu gari hadi Feri na kurudi, kisha nikampelekea kwake Mchafukoge. Kanipa chai ya tangawizi. Tukasimama roshani tukiangalia magari yaliyoegeshwa chini.

“Unamwona yule paka? Analala kwenye boneti za watu wote, yangu tu hataki. Wiki ya kwanza alikuwa habanduki. Hata paka kanisusa, Fundi!”

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka. Nikashuka, nikaweka kiganja juu ya boneti. Vuguvugu tu, na limetoka barabarani sasa hivi. Mshale wa joto umelala chini kabisa. Miezi yote hii nauona, nafurahi kwamba gari halichemshi.

Wiki ya kwanza paka alilala. Wiki ya pili gari lilikuja kwangu nikatoa themostati. Ni kile kidude kinachozuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate moto. Gerezani nzima tunakitoa, gari halijamaliza hata kusalimia. Bongo joto, kidude cha nchi za baridi cha nini? Na hili nililifanyia haraka zaidi, nikiogopa lisije likamchemshia njiani akiwa peke yake.

Kabureta haikujali injini ikibaki baridi. Kompyuta inadhani ni alfajiri mchana kutwa, inamwaga mafuta, na sensa isiyofanya kazi bila joto hailipati. Sensa zote nilizotoa zilikuwa nzima. Mjinga mimi. Nikamwomba anirudishie gari hadi kesho.

Jumamosi, 14 Machi

Nina kopo la maziwa ya unga limejaa themostati, kila moja na karatasi ya jina imefungwa kwa uzi. Siwezi kutupa kitu cha mtu. Nikaipata ya Mama Hansa, nikairudisha, nikaenda Feri na kurudi mara tatu. Mshale ukapanda hadi katikati, ukatulia. Taa kimya.

Saa nne wakaja gereji: yeye, mkwewe, mnunuzi.

“Sensa mpya imekubali?” akauliza Mama Hansa.

Ningeweza kusema ndiyo. Midomo ilikuwa imeshafunguka.

“Hapana, mama. Kosa lilikuwa langu.” Nikaeleza lote. Mkwewe akatikisa kichwa. Nilitamani kuingia chini ya gari nisitoke.

Mama Hansa alicheka mpaka akashika ukuta. “Kwa hiyo ulinionea huruma ukaniharibia gari?”

“Ndiyo, mama.”

Akamgeukia mnunuzi. “Pole, baba. Siuzi. Fundi wangu akikosea anasema.”

Nikafuta mikono iliyokuwa safi.

Jumapili, 22 Machi

Mvua kidogo asubuhi. Nimekaa mlangoni na kopo, nasoma majina, natenga magari yenye kompyuta. Kesho naanza kuwaita wenyewe niwarudishie. Aibu ni yangu, nitaizoea.

Fundo moja lilikuwa gumu. Nikiwa nalifungua kwa meno, gari likapita barabarani likipiga honi. Mbili, kituo, moja.

Sikuinua kichwa. Nilitabasamu na uzi mdomoni.