Kuku Wako Wameisha, Mama

Mama yangu,

Nakuandikia nikiwa jikoni kwako, kwenye kile kigoda ulichokuwa unawafukuza watoto wasikikalie. Ukungu umeshuka tangu asubuhi, hata nyumba ya jirani siioni. Nimechemsha chai, imepoa, nimeichemsha tena. Sina wa kuinywa naye. Nimeona nikuandikie wewe, maana haya mambo nikimwambia mtu wa hapa Mbulumbulu ataniambia nimshukuru Mungu, na mimi leo sina nguvu ya kushukuru.

Nianze na lile usilolijua. Kuku wako wameisha, Mama. Wote.

Unakumbuka walivyoingia hapa nyumbani? Uliwashusha kwenye basi la Arusha ndani ya boksi lenye matundu, umelikumbatia kifuani, ukamkatalia kondakta asilitupie juu kwenye mizigo. Ilikuwa Julai, baridi ya kukata masikio. Vifaranga chotara wa mayai, wewe na mimi tulikuwa hatujawahi kuwagusa maishani. Ukawazungushia maboksi pale sebuleni, ukaweka chungu cha mkaa katikati, na kiti cha Baba ukakisogeza hadi mlangoni kwenye upepo. Baba alirudi kutoka shambani akasimama na jembe begani, akatazama kiti chake, akatazama vifaranga.

"Sasa mimi na hawa, mgeni ni nani?" akauliza.

"Wewe una koti," ukamjibu.

Ulinifundisha kuwatazama. Ulikuwa unaniambia, "Wakijikusanya wana baridi, wakikimbilia pembeni wana joto. Wanaongea hawa, ni wewe tu husikii." Ulikaa nao mchana kutwa, unasogeza mkaa, unapunguza mkaa, na uji wetu unaungua. Mimi nilikuwa na wivu, nakiri. Nilikuwa msichana mkubwa kabisa na nikawaonea wivu vifaranga.

Baba aliwadharau. Aliwaita kuku wa dukani. Alipojua kwamba watataga lakini hawatalalia mayai wala kulea, ndiyo kabisa akapata la kusema, akawa analirudia kwa kila mgeni. "Kuku asiyelalia mayai yake, huyo naye ni kuku?" Na wewe ukamsubiri siku kanisa zima lilipokuja kwetu kwa sala ya jumuiya, akalisema tena mbele ya katekista, ukauliza kwa upole sana, "Na wewe Baba Paska, kwani uliwahi kulalia?" Katekista alitemewa chai na mkewe. Baba alicheka mpaka akatoka nje. Alikuwa anacheka vizuri sana Baba. Naandika hivi kama mtu anayemkumbuka marehemu, na yupo chumba cha pili.

Ulikuwa unawasemesha kuku Kiswahili. Mbuzi uliwasemesha Kiiraqw, ng'ombe Kiiraqw, sisi pia ukikasirika, ila kuku Kiswahili, tena kile cha kwenye redio. Ulisema wamekuja na basi kutoka mjini, lugha yetu watajifunzia wapi. "Karibuni chakula, jamani." Ukimwaga pumba na mashudu na dagaa waliosagwa, unawakaribisha kama wakwe. Halafu unaingia kwenye viota na kapu lako, na unatoka huko taratibu, mwili mzima umetulia. Sijawahi kukuona umetulia hivyo mahali pengine, hata kanisani.

Na trei zako za mayai, ulivyozipakata kwenye bodaboda mpaka Karatu mjini, ukimpiga dereva mgongoni kila akikaribia shimo. Ulikuwa unayapeleka kwenye jiko la ile loji nilikokuwa nafanya kazi, kisha unapita kunisalimia nikiwa natandika vitanda. Ulichungulia wageni wanaopanda magari kwenda kreta kutazama wanyama, ukaninong'oneza, "Yule mwenye kofia amekula yai langu. Angalia anavyong'aa." Nikakuambia ondoka Mama, nitafukuzwa kazi. Natamani ungekaa siku ile mpaka nifukuzwe kweli.

Ulipougua, jambo la ajabu likatokea, na sina hakika kama ulipata kulijua lote. Mimi nilikuwa nawe hospitali, na Baba akabaki nyumbani na kuku wa dukani. Siku za kwanza alipiga simu kulalamika. Kisha simu zikabadilika. "Mwambie mama yako yule mwenye kilemba kilichomwangukia jicho leo hajala." Nikakuambia. Ukafungua macho, ukasema, "Baba yako atakuwa amemnyima maji safi huyo. Mwambie abadilishe maji." Ndiyo maneno yako marefu ya mwisho, Mama. Baba akabadilisha maji, akapiga tena kusema kwamba amekula. Wewe ulikuwa umelala, nikakusemea sikioni.

Tulipokuzika, Baba hakulia. Alikaa kwenye benchi la wazee amevaa lile koti, akapokea mikono ya watu. Watu walikuja wengi, kutoka Mbulu wamekuja, na yule rafiki yako wa Soitsambu aliyeolewa kwa Wamasai alikuja na shuka jipya akakufunika. Na walikuja na vitu kama tunavyofanya sisi. Mahindi, maharage, kuni, maziwa kwenye vibuyu. Na kuku, Mama. Kila mama wa hapa alikuja na kuku kwapani, maana kila mmoja uliwahi kumpa mayai au kumfundisha kulea. Kuku wazuri, majogoo wekundu, matetea wa kienyeji walionona. Walikuletea walichonacho.

Sheria yako ya kuku wa zawadi naijua. Ulimpokea kwa mikono miwili, ukamsifu, ukamshika kifua kuona alivyonona, na mgeni akishapotelea kwenye kona unamfunga nyuma ya choo peke yake wiki kadhaa, asije na ugonjwa, kabla hajasogelea banda. Na mlangoni mwa banda uliweka lile karai la dawa ya kuoshea viatu, hata padri alikanyaga. Watu walikucheka, wakasema Mama Paska banda lake linadai visa kuliko ubalozi. Uliwaacha wacheke.

Mimi nilikuwa ndani kwenye magodoro na wanawake, natazamwa kila nikishusha pumzi. Waliochinjwa walichinjwa, msiba ukala. Waliobaki, Shangazi Basilisa, dada yake Baba, akawafungua kamba kwa mikono yake. Nilimsikia dirishani. "Kuku wa rambirambi hafungwi nyuma ya choo. Watu watasema nini? Waende kwa wenzao." Akawatia bandani. Alifanya kwa mapenzi. Kuna mtu gani angesimama kwenye msiba wa mama yake, mbele ya walioleta kuku kwapani kutoka mbali, aseme kuku wako peleka kule chooni? Hata wewe usingesema. Wewe ungesubiri waondoke. Ila wewe ndiye uliyekuwa umeondoka.

Na zamu ya chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaofyeka kuku, ilifika tukiwa makaburini, ikatupita.

Ngoja nikuambie kuhusu Baba kwanza, ndipo uelewe. Watu walipotawanyika, alinyamaza. Si kwamba alikataa kuongea. Ukimsalimia anaitikia, ukimpa chakula anakula vijiko viwili anasema ahsante mwanangu. Ila alikuwa hayupo. Hakwenda shambani, ngano ya watu ikavunwa na ya kwetu ikasimama. Hakwenda kanisani. Kitu kimoja tu kilimwamsha kitandani, nacho ni kuku wako. Alfajiri nasikia mlango, nasikia ndoo, kisha namsikia huko bandani anaongea. Anaongea nao, Mama, maneno mengi, Kiiraqw. Nilisimama nyuma ya ukuta nikamsikia anawasimulia bei ya mbolea. Anawasimulia jinsi mlivyokutana. Nami nikajiambia, basi, atapona, nitarudi kazini, hawa watamshika mkono mpaka atoke.

Kuku wa kwanza alizubaa siku ya Jumapili. Mabawa yameshuka kama amevalishwa nguo isiyo yake. Baba alimtenga, akambadilishia maji. Kesho yake walikuwa wengi, wanaharisha kijani, wengine shingo zimepinda wanatazama mgongoni. Bwana mifugo alikuja na pikipiki, kijana mpole, hakuingia hata ndani.

"Hiki ni kideri, mzee."

"Nipe dawa," Baba akasema.

"Hakina dawa, mzee wangu. Kina chanjo tu, na chanjo ni kabla."

Baba akasema, "Kila kitu mnaniambia ni kabla." Yule kijana hakuelewa. Mimi nilielewa, maana hata daktari wako alituambia mngemleta mapema.

Alichimba shimo mwenyewe, mbali na kisima kama alivyoambiwa. Alikataa nimsaidie. Waliisha mmoja mmoja, na wale wa rambirambi nao, hakubaki wa kulaumiwa. Wa mwisho alikuwa yule wa kilemba. Baba alikaa naye mapajani uani, amemfunika na pindo la koti, mpaka akafa. Shangazi alikuja akalia kuliko alivyolia msibani. Yeye mwenyewe alijua ni wale aliowafungua kamba. Aliondoka bila kunywa chai.

Nilidhani sasa Baba hataamka. Lakini aliamka, Mama. Alfajiri nikasikia mlango, nikasikia ndoo. Nikamfuata. Alifagia maranda yote, akamwaga chokaa, akaosha vyombo vya maji. Kesho yake tena. Hapakuwa na cha kufagia akafagia. Anaingia kwenye viota, anapitisha mkono kimoja baada ya kingine, anatoka ananiambia, "Leo hayapo." Anakunywa chai yote. Kila siku hivyo. Leo hayapo. Nikasema Baba amechanganyikiwa, hajui kwamba wamekufa, na bwana mifugo amesema tusilete vifaranga wengine mpaka banda likae tupu miezi.

Sikuweza kuvumilia. Nilikwenda dukani nikanunua mayai machache, nikayaweka kwenye viota kabla hajaamka. Niambie wewe ungefanya nini. Mtu unamwona baba yako anapapasa majani makavu kila asubuhi. Nilitaka asubuhi moja tu mkono wake ukute kitu.

Alikuta. Nilikuwa mlangoni. Alisimama ameinama, mkono ndani ya kiota, hakuutoa haraka. Akalitoa lile yai, akaligeuza kwenye mwanga, akaliweka kwenye kiganja changu.

"Hili la dukani," akasema.

"Baba, mimi nilitaka tu—"

"Najua wamekufa, Paska. Si mimi niliyewafukia?" Hakukasirika. Heri angekasirika. "Nilikuwa napata pa kuamkia tu. Mama yako alikuwa anaanzia hapa."

Akaweka ufagio ukutani. Akaingia ndani, akavua koti, akalala.

Hajaamka tangu siku hiyo, Mama. Anapumua, anaitikia. Uji namnywesha na kijiko, anameza kwa adabu kama mgeni. Padri amekuja akampaka mafuta. Shangazi alisema tumpeleke hospitali, tukampeleka, wakasema hana ugonjwa, nimrudishe nyumbani nimpe maziwa. Lojini wamenipigia, wanataka kujua kama narudi au wachukue mtu mwingine. Nimewaambia wachukue. Alfajiri ikifika mimi ndiye ninayeamka, natulia kitandani, nasikiliza mlango. Haufunguki. Nasikiliza mpaka kunakucha kabisa.

Leo nimejaribu. Nimechukua ndoo nikapita nayo karibu na dirisha lake, nikaigonga makusudi. Nikaingia bandani nikafagia kama yeye. Nikaanza kuongea kwa sauti ili anisikie, maneno yakaniishia haraka sana, sijui wewe uliyatoa wapi yote yale. Niliporudi ndani alikuwa amenigeukia, macho wazi. Nikapiga magoti kando ya kitanda. Nikafurahi, Mama, nikashika mkono wake.

"Acha, mwanangu," akaniambia. "Unajichosha." Akageukia ukutani.

Pumzika wewe. Mimi nakwenda kumpashia maziwa.

Ni mimi binti yako,
Paska