Alasiri Zangu Zimeliwa na Jamaa

Bagamoyo, mtaa wa Dunda,
Mfunguo Kenda, mwaka 1304 wa Hijra.

Mpendwa kaka yangu Muhidini bin Mwinyijuma, huko Unyanyembe,

Shikamoo kaka. Barua hii ikufikie ukiwa mzima, wewe na wote walio chini ya paa lako, na homa za huko ziwapite mbali. Kifua chako vipi? Mara ya mwisho ulisema kinakubana asubuhi. Ule asali na tangawizi, na usilale penye upepo. Na watoto je, wameanza kusoma? Mama huniuliza majina yao kila mara, nami humtajia, naye husahau, tukaanza upya.

Sisi huku hatujambo, kwa namna ya kusema. Mama ni mzima wa moyo na wa ulimi, miguu ndiyo iliyomkatalia kabisa. Tangu masika yaliyopita hasimami bila kushikwa. Asubuhi jirani yetu bi Ashatu humwogesha na kumpa uji. Mimi nikirudi adhuhuri humbeba nikamtoa uani apate hewa, nikiachiwa nafasi namsogeza kila kivuli kinapohama, na magharibi nikamrudisha ndani. Kazi si nzito. Amekuwa mwepesi, kaka. Mtumba wa nguo za kaniki unamshinda uzito.

Shamba la Fukayosi limetupa mihogo kidogo, na mingine wameila nguruwe. Mvua za vuli zilikuja kama mtu aliyepita kusalimu tu. Lakini chakula tunapata, tunashukuru.

Sasa nisikilize, maana nina uchungu na sitaki kuufunika kwa salamu.

Unalikumbuka lile shauri la mwaka jana. Misafara ilikuwa mingi kuliko kawaida, na bwana Natvarlal, ambaye namfungia mitumba ya nguo za misafara, akatuita wafungaji wote ghalani. Akasema atakaye na aendelee kama zamani: aje alfajiri, aondoke adhuhuri, ujira uleule. Atakaye zaidi akae mpaka magharibi, hata Ijumaa baada ya sala, naye atamwongezea nusu ya ujira wake. Nampa haki yake, alisema waziwazi na hakumlazimisha mtu. Akatwambia tukalale tufikiri.

Wenzangu hawakuhitaji kulala. Mimi nami sikufichi, niliitaka ile nyongeza. Nilikuwa nataka kuoa, na unamjua niliyetaka kumwoa. Lakini habari zikamfikia mjomba Abdala, akawaita jamaa barazani kwake jioni ileile. Akasema, "Fedha utaipata hata ukubwani, Mrisho. Mama utampata wapi mwingine? Wewe chukua nafasi ya alasiri, ukae na mama yako. Upungufu sisi tutaujaza, si tupo?" Mtu mmoja akamtania, akamwuliza, na Mina binti yako je? Mjomba akacheka. "Binti mjomba hapotei. Yumo ndani humo, ataniponyoka aende wapi?" Jamaa wote wakacheka, nami nikacheka. Nikaenda kwa Natvarlal nikasema mimi nitaondoka adhuhuri. Katika ghala zima nilikuwa peke yangu.

Nawe barua yako ilipofika baadaye ulinisifu mno. Ulisema nimechagua lililo jema na Mungu atanilipa. Mjomba aliisomesha mbele ya watu, wakasema, huyo ndiye kaka mkubwa.

Kumbe jamaa zetu walikuwa wananingoja mlangoni. Sikumaliza hata mwezi nikaambiwa kuna msiba Fukayosi, nani apeleke habari? Mrisho, si ana nafasi. Kaburi la mzee wa Mbegani, nani atangulie kuchimba? Mrisho, wenzake wako kazini. Shangazi anataka samaki wa karamu, binamu amegombana na mkewe anataka mtu wa kukaa kati, fulani kauguliwa na punda. Punda, kaka! Nimekaa alasiri nzima nimeshika kichwa cha punda asiye wangu, na mama yangu amesahaulika juani mpaka bi Ashatu akasikia anaita.

Ndiyo maana nasema zililiwa. Wewe ulidhani zile alasiri nilikuwa nazikaa na mama. Nilikaa naye chache, na hizo chache alikuja mtu kugonga kabla sijakunja miguu. Na ule upungufu wa kujazwa, hakuna aliyeleta hata kibaba cha mchele. Nikiuliza naambiwa, lakini wewe hufanyi kazi kutwa, huchoki kama wenzako.

Mjomba mwenyewe ndiye aliyekula nyingi zaidi. Paa lake lilikuwa limeoza upande wa kusini. Nimepanda juu ya nyumba ile karibu kiangazi chote, nashusha makuti ya zamani, nafunga mapya, na yeye yuko chini ananionyesha kwa bakora penye tundu. Sikunung'unika. Nilijua naezeka nyumba ya mkwe wangu. Nilisema moyoni, nikimaliza paa nitatafuta mtu wa kunisemea, mambo yawe rasmi.

Na jambo lingine walilonivika ni ushenga. Kila anayetaka kuposa mji huu anatafuta mshenga mwenye ulimi mzuri na wakati wa kwenda na kurudi, maana wajua wazazi wa binti hawajibu siku moja. Wao hukuzungusha: njoo keshokutwa, baba mdogo hayupo, njoo baada ya Ijumaa. Mwenye kazi ya kutwa hawezi. Basi wakawa wananijia mimi, na nikawa napata sifa. Wanawake wakiniona nimevaa kanzu safi wanaulizana, leo anakwenda kwa nani?

Dadi unamjua kwa barua zangu. Mtumba hufungwa na watu wawili, mmoja huku na mmoja kule, mguu juu ya mzigo, kamba mkononi, mnavutana mpaka nguo zinakuwa ngumu kama gogo. Dadi ndiye ninayevutana naye tangu alipokuja kutoka Saadani. Ni mtu mwema, hana ndugu hapa, na ni mmoja wa wale waliochukua nyongeza. Mwezi uliopita, baada ya magharibi, alinijia nyumbani na tambuu imefungwa vizuri ndani ya leso. Akaniambia ana haja na mimi. Nikacheka, nikajua ni posa. Nikaipokea tambuu, nikaitia kinywani.

Hapa kwetu hujasahau, natumaini. Ukishaitafuna tambuu ya mtu umeikubali kazi yake. Nilipokuwa natafuna ndipo nikamwuliza, nyumba gani? Akasema, ya mjomba wako Abdala, yule binti Mina.

Kaka, nilikuwa na tambuu mdomoni na sina pa kuitemea.

Ningeweza kumwambia palepale. Sikumwambia, na sababu yake nakueleza ili unicheke ukitaka. Nilifikiri: acha niende. Mjomba mwenyewe atakataa, atasema mbele ya watu kwamba binti huyu ana mwenyewe, na mwenyewe ni huyu aliyesimama hapa. Neno ambalo lilisemwa kwa mzaha barazani litasemwa kwa haki, wala sitahitaji mshenga. Nilikwenda na furaha, wallahi. Nilijifukiza hata udi.

Nikaenda na mzee mmoja wa msikitini kwetu. Tukakaribishwa, tukaketi chini ya makuti yangu mwenyewe, tukauliza hali mpaka hali zikaisha. Nikasema yanayosemwa: tumetumwa na Dadi, anaomba awe mtoto katika nyumba hii, binti anayemtaka ni Mina. Kisha nikamtazama mjomba.

Hakusema njoo keshokutwa. Hakusema baba mdogo hayupo. Hata heshima ya kutuzungusha hakutupa. Alisema, "Alhamdulillahi. Tumekubali." Akamwita mkewe alete sharubati.

Na wajua kazi ya mshenga. Mshenga hana moyo wake pale. Posa ikikubaliwa ni yeye anayeshukuru kwa niaba ya mwenye haja. Basi nikafungua mdomo wangu huu nikasema, tumeshukuru, Mungu aijaalie kheri. Nikainywa na sharubati. Mpaka leo sijui ilikuwa na ladha gani.

Yule mzee alipotangulia nje, mjomba alinishika mkono. Akasema, "Usiliweke moyoni, Mrisho. Wewe ni mwanangu, hutanikasirikia. Lakini mtu anayerudi nyumbani adhuhuri, mke atamlisha nini? Dadi ana ujira na nyongeza. Na wewe ndiye uliyechagua." Mimi ndiye niliyechagua! Yeye aliyeniambia kaa na mama yako, na mama yangu ni dada yake, tumbo moja. Tangu miguu imkatae dada yake huyo, mjomba amekuja kumwona siku za Idi tu, na siku hizo alikula.

Nilipita uani nitoke kwa mlango wa nyuma, nisionekane uso. Mina alikuwa amekaa na ungo anachagua mchele. Hakulia wala hakuniamkia. Alisema, "Umemposea kila mwenye haja mji huu. Alasiri zote hizo, hukupata hata moja ya kuja kusema na baba kwa ajili yako?"

Nikamwambia, "Si ilisemwa, binti mjomba hapotei?"

Akasema, "Aliyesema ni baba. Wewe ulisema nini?"

Nilikasirika, kaka. Nilitaka kumhesabia makuti, makaburi, na punda. Nikaona hakuna hata moja katika hayo lililokuwa jibu. Akarudi kwenye mchele wake. Nilimpenda saa ile kuliko siku zote, na pendo hilo sina la kulifanya.

Dadi alisikia baadaye kutoka kwa watu. Akaja ghalani ameshika kichwa. "Ungeniambia, Mrisho. Mimi nikitoka humu mji umeshafunga milango, ya mjini nitayajulia wapi?" Akasema nikitaka ataiondoa posa yake. Nikamkataza. Mina asisemwe mji mzima kwamba aliposwa akaachwa. Basi tunaendelea kuvutana kamba, hatutazamani. Ndoa ni kabla ya Ramadhani, na shangazi ameshaniuliza kama nitasimamia wapishi.

Juma lililopita nilimwendea Natvarlal. Nikamwambia nataka kukaa mpaka magharibi kama wenzangu. Akasema nafasi ipo, mmoja wa wafungaji amepanda bara na msafara, nianze mwezi ukiandama. Hakuniuliza nimebadili nia kwa nini. Aliniuliza jambo moja tu: "Na mama yako, mchana atakuwa na mtu?"

Jamaa wetu wote, kaka, mjomba na shangazi na hao wa barazani, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza swali hilo. Ameniuliza tajiri wangu, mtu asiye wa ukoo wetu wala wa dini yetu, amesimama katikati ya vumbi la nguo za merikani.

Nikamjibu kwamba yupo. Nikamwambia kaka yangu mkubwa anashuka kutoka Unyanyembe.

Sikupanga kusema hivyo, lilitoka. Lakini lilipotoka nikaliona kuwa ni la kweli, au linatakiwa liwe. Wewe umeipata nyongeza yako miaka yote hii, na pembe zako za ndovu na nyumba yako, na sifa umezipata kwa barua. Sikuonei kijicho. Ila usiniandikie tena kwamba nimefanya jema na Mungu atanilipa. Mungu namwachia Mungu. Mama ni wetu wawili, nami zamu yangu ya alasiri imekwisha. Bi Ashatu ameahidi kumtazama kwa muda, naye ana wake na ana umri. Ukiona huwezi kushuka, niandikie hivyo kwa mkono wako, nami nitamsomea mama barua hiyo kama ilivyo, sitaongeza wala kupunguza.

Nisalimie shemeji na watoto, uwabusu kila mmoja kwa jina lake. Bi Ashatu anakusalimu sana. Dadi naye anakusalimu. Mjomba Abdala anakusalimu pia. Alinituma nikuandikie hivyo, maana bado anaamini nina nafasi. Mama anakusalimu kuliko wote. Nimemwambia huenda ukaja, na tangu hapo hataki nimrudishe ndani mapema. Anasema mtu akikaa uani ndiye wa kwanza kumwona anayeingia.

Mungu akupe afya na njia nyeupe, akuepushe na maradhi na wezi, na safari utakayoifunga sasa iwe ya kurudi.

Mimi mdogo wako nikupendaye bado, kwa hasira zangu zote,
Mrisho bin Mwinyijuma