Nguo ya Kuogelea ya Mdoli

Baba watoto,

Nimewahi zamu. Chakula kipo kwenye friji, pasha tu. Ukiona wingu, anua nguo.

Asubuhi ukiwa bafuni, kitinda mimba wetu kajaribu ile nguo ya kuogelea tuliyomnunulia kwa safari ya ziwani, safari uliyoiahirisha kila likizo tangu mwaka uanze. Imegoma kupita mabegani, na haijawahi kulowa maji! Hakulia. Kamvalisha mdoli wake, inampwaya, akamwambia, “Labda wewe watakupeleka.”

~~Basi tungoje mwakani.~~ Hapana. Nimechoka na safari za mdomoni. Jumamosi tunaondoka, uje usije. Begi liko mlangoni, usilirudishe juu ya kabati.

Mdoli yumo. Nguo zako bado hazimo.

Mama watoto