Taa za Faustine na Rimoti ya Jirani

Jumeirah Village Circle, Dubai
14 Desemba 2024

Kwako Bi Rumaisa,

Naomba unisikilize, maana sina mwingine wa kumwambia. Mimi ni mama kutoka Bukoba, nafanya usafi kliniki moja ya Oud Metha, na mume wangu Faustine alifariki mwezi wa Aprili, tukampeleka nyumbani kumzika. Kila Krismasi alikuwa anatundika taa kwenye roshani yetu, na jirani yetu wa ukuta mmoja, Evans, Mkenya, anatundika zake, basi ni kutaniana mpaka Januari, Faustine anaita, "Evans, hiyo ni Krismasi au gari la zimamoto?" na Evans anajibu, "Mhaya, kama umeme umekuishia njoo nikuazime!" Mwaka jana walienda dukani pamoja, wakarudi na maboksi yanayofanana, kila mmoja anasema la kwake ndilo zuri. Faustine alizipenda ziwe za njano na zitulie, alisema zinamkumbusha koroboi ya mama yake.

Mwaka huu nikasema nitazitundika mwenyewe. Nikawasha, njano, zimetulia, nikakaa na chai yangu, mara zikageuka nyekundu zikaanza kupepesa kama za disko. Nikazirudisha kwa rimoti yangu, zikageuka tena, nikachungulia nikamwona Evans amesimama na rimoti mkononi. Nikamwambia, "Evans, hata marehemu humwonei haya?" Akanijibu, "Mama Japhet, wacha hizo! Ni wewe unaniharibia, watoto wananiuliza mbona taa zao zimelala!"

Uongo ule uliniuma kuliko taa zenyewe, kwa sababu huyu ndiye aliyehangaika na karatasi zote za kumsafirisha Faustine. Sasa tukikutana kwenye lifti kila mmoja anaangalia viatu vyake. Jumatatu nataka kwenda ofisi ya jengo kumshtaki. Mlinzi wetu, Mubin, amenionya, "Dada, ukipeleka malalamiko watashusha taa zote, zako na zake, khalas." Lakini nimeshaamua, Krismasi hii taa za Faustine zitawaka. Niende, au nifanyeje?

Katika dua zako utukumbuke, mimi na mume wangu.

Emiliana

*

Emiliana mwanangu,

Pole sana. Mungu amlaze Faustine pema. Nimekupa pole, sasa nakugombeza.

Umeandika mwenyewe kwamba walinunua duka moja, maboksi yanayofanana, halafu hukusimama hapo kufikiri! Rimoti za taa hizi hazijui mwenyewe. Ukibonyeza njano, na za Evans zinageuka njano. Akibonyeza disko, na zako zinacheza. Jirani yako hakusema uongo. Yeye alikuwa anakulaumu wewe, na wewe unamlaumu yeye, nyote mmesimama gizani mnapigana na vidubwasha.

Mbona mwaka jana halikutokea? Huenda lilitokea, ila wale wawili walilifanya mchezo, wakacheka. Wewe una msiba, ndiyo maana hukucheka. Hilo sikulaumu.

Ofisini usiende. Ukienda, utazizima taa za Faustine kwa mkono wako. Ningeweza kukwambia uzibe kile kijicho cha taa kinachopokea rimoti kwa kipande cha selotepu nyeusi, na ingesaidia, lakini hiyo itawatengenezea taa tu, si ujirani. Leo jioni chukua rimoti yako, ugonge mlango wa Evans. Usianze na maneno mengi. Mwambie, "Baba, tazama," kisha ubonyeze. Ataona mwenyewe. Halafu mwombe radhi kwa lile la marehemu, maana ulimwumiza, naye amefiwa na rafiki.

Kisha mpatane. Watoto wapate disko lao mpaka waende kulala, baada ya hapo njano. Na usiku wa mkesha, rimoti mpe Evans, abonyeze yeye. Roshani mbili zitatulia pamoja kwa rangi ya ile koroboi. Faustine alishindana miaka yote na hakuwahi kumfanya Evans ageuze zake njano kwa mkono wake mwenyewe.

Mkishakaa kula, mnikumbuke na mimi.

Rumaisa