Waya wa Nyuma ya Picha

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Siku tisa za ndoa. Bado nikiamka naugusa mkono wake kwanza, kuhakikisha ni wangu. Ni wangu!

Leo nilimpelekea Venance ndizi na maharage chuoni, anakosimamia mtandao, akanifungulia chumba cha mitambo. Kabati la chuma, taa ndogo za kijani zinakonyeza. Ndani kuna swichi mbili za mtandao, moja juu ya nyingine. Alinieleza taratibu, kama ananibembeleza. Kompyuta zote za chuo zimechomekwa kwenye poti, yale matundu ya mbele. Mbili zilizo kwenye swichi moja zikiongea, maneno hayatoki nje ya swichi hiyo. Lakini ya mapokezi, iliyo swichi ya juu, ikitaka kuongea na ya ofisi ya mitihani, iliyo swichi ya chini, lazima maneno yapite kwenye nyaya mbili fupi za nyuma. Hizo ndizo zinazofanya swichi mbili ziwe kitu kimoja. Na ukitoa waya mmoja? Akasema maneno yanazungukia kwenye ule wa pili, wala mtu hajui.

Mimi na yeye kabisa!

Alipotoka kupokea simu, nikalegeza skrubu za waya wa kulia. Ulikuwa na vumbi. Nikauacha hivyo umelegea, nikachukua wa kushoto, msafi. Nimeuficha nyuma ya picha yetu ya harusi, umejikunja kama moyo. Siku tukitimiza mwaka nitamwonyesha.

Alhamisi, 11 Septemba

Amechelewa kurudi. Mtandao wa chuo umekufa — siku ya mwisho ya kujiandikisha mitihani! Mama Restituta, mfanya usafi, alikuwa anafuta vumbi nyuma ya kabati, waya wa kulia ukachomoka. Wa kushoto haupo. Venance anasema swichi zikiachana hivyo, kila moja inajiona ndiyo kiongozi, zote zinaitikia anwani ileile, na kompyuta hazijui zimsikilize nani.

Nilimpashia maji ya kuoga. Sikusema. Anichukie kabla hata ya mwezi?

Jumatatu, 15 Septemba

Mkuu wa chuo, Mwalimu Malongo, amemsimamisha kazi Mama Restituta. Wanasema waya uliopotea ameuuza kwa wanunuzi wa shaba. Ndiye aliyesimamia vyungu kwenye harusi yangu, macho mekundu kwa moshi, akiniambia nisisogee karibu nisije nikaharibu nywele.

Kitandani Venance alinitolea siri. Tangu Jumatatu ile mtambo ulimtumia ujumbe kwamba waya mmoja hauonekani. Hakuufungua, alikuwa anawahi kwangu. Malongo akijua, kazi hana.

"Bora yeye kuliko sisi," akasema.

Sisi. Neno tamu hilo!

Jumamosi, 20 Septemba

Jumuiya imesali kwetu, zamu yetu ya kwanza kama familia. Nilitandika vitambaa vyeupe kila mahali. Mama Restituta alikuja. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akasifia vitambaa. Yeye ndiye huanzisha nyimbo siku zote. Akaanzisha. Hakuna aliyepokea. Aliimba ubeti mzima peke yake, amekaa chini kabisa ya picha yetu. Secilia, katibu wa jumuiya, akamshauri aipumzishe sauti, maana shaba hukwaruza koo. Watu wakacheka. Venance akacheka. Na mimi, kidogo.

Wakati wa maombi Mama Restituta akasimama.

"Venance mwanangu, njoo na mwenyekiti wa kitongoji mpekue nyumba yangu. Mkiukosa huo waya, nisemee kwa Mwalimu nirudi kazini."

Venance akajibu kesho, baada ya Misa.

Watu walipoondoka Venance alikuwa anakusanya viti, akaona picha imekaa upande. Akainyoosha. Mkono wake ukabaki nyuma ya picha, ukabaki. Kisha akanibusu utosini, hakuuliza kitu. Mwanaume wa namna hii Mungu amenipa!

Jumapili, 21 Septemba

Misa. Chai. Venance amevaa koti la harusi, na jua lote hili. Kasema chakula nile tu nisimsubiri. Nilisimama dirishani nikamwangalia akishuka na mwenyekiti kati ya migomba, kwa mwendo wake ule ninaoupenda. Kisha nikapanda kiti nifute vumbi la picha.

Nyuma hakuna kitu.

Amefanya kwa ajili yangu. Nani aliwahi kupendwa hivi?

Kutoka hapa naona kwa Mama Restituta, ng'ambo ya bonde. Amefagia uwanja. Ametoa viti viwili nje, kimoja amekitandika kitenge. Naandika kwa mkono huu, simu iko mkono ule, jina la Venance liko juu kabisa: Moyo Wangu. Kubonyeza tu. Ameshawaona, anawapokea kwa mikono miwili, amepiga goti kidogo. Mwenyekiti amekaa. Venance hakukaa. Anainama kupita mlangoni, mkono mmoja uko ndani ya koti —