Niliyemwambia Akanyage

Kaka Polikarpo,

Shikamoo. Nyumbani Kipawa mama hajambo, anakula vizuri. Mie nakuandikia nikiwa hospitali, kando ya Valerian, mwenzangu wa utafiti. Ametoka kupasuliwa. Kule Ziwa Natron tulikuwa tunachota vijidudu vinavyoishi kwenye maji ya moto yenye magadi, tujue uhai utafutwe vipi kwenye sayari nyingine. Gamba la magadi likapasuka, akatumbukia, miguu ikaungua. Nikamvuta.

Leo mama yake alinikumbatia. "Umeniokolea mwanangu."

Kaka, mie ndiye niliyemwambia akanyage pale, bila kupapima. Nikamweleza mama yake.

Akaniachia. "Kaa," akasema. "Akizinduka, umwambie mwenyewe."

Naishia hapa, kaka. Anafumbua macho.

Mdogo wako,
Noela